Kuamsha Mkono Baada ya Plasta: Mazoezi ya Taratibu ya Vidole na Kifundo

Mama yangu aliteleza uani asubuhi moja akiwa na ndoo ya maji, akajikinga kwa kiganja, na mfupa wa kigasha ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Mfupa wenyewe uliunga vizuri. Kilichomtesa baadaye ni vidole, ambavyo hakikuvunjika hata kimoja: siku plasta ilipokatwa, wiki 6 baada ya ajali, hakuweza kukunja ngumi wala kufinya tonge la ugali, kwa sababu muda wote ule aliamini, nasi tuliamini pamoja naye, kwamba mkono uliofungwa haupaswi kusogezwa hata kidogo. Hakuna aliyetuambia vinginevyo. Maelezo haya yametokana na yale tuliyofundishwa baadaye na mtaalamu wa fiziotherapia, na tuliyoyafanya mezani nyumbani kwa miezi 5, nami nayaandika ili mwingine asianzie pale tulipoanzia sisi.

Yanamhusu mtu aliyevunjika karibu na kifundo cha mkono, akafungwa plasta ngumu, na daktari akathibitisha kwa picha ya eksirei kwamba mfupa umekaa mahali pake. Aliyekatwa kano kwa panga, kisu au kioo na kushonwa asiyafuate, kwa kuwa kano iliyoshonwa huwa dhaifu kwa majuma kadhaa na inaweza kukatika kwa kukunja ngumi mara moja tu. Mgonjwa huyo ana ratiba yake maalumu, na anayepaswa kuipanga ni daktari aliyemshona pamoja na mtaalamu wa mazoezi. Asiyafuate pia yule aliyegongwa na mpira au mlango kwenye ncha ya kidole, ncha ikainama na kukataa kunyooka. Kidole cha namna hiyo hufungwa banzi kikiwa kimenyooka kwa wiki 6 hadi 8 mfululizo, na kukiacha kikunjike hata mara moja kunaweza kulazimisha hesabu ianze upya. Aliyewekewa chuma ndani ya mfupa mara nyingi huruhusiwa kuanza mapema kuliko wengine, lakini tarehe ya kuanza aipate kwa daktari wake.

Ili mtu akubali kwamba mazoezi mepesi yanatosha, ni vizuri aelewe kinachoukakamaza mkono. Mkono una mifupa 27, lakini ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko kigashani na kiganjani, nayo huvivuta vidole kwa kano, mfano wa kamba zinazolivuta tanga ilhali mvutaji amekaa mbali nalo. Kano 9 za kukunja vidole na gumba hupita pamoja katika njia moja nyembamba mbele ya kifundo, jirani kabisa na mahali mfupa unapovunjika mtu anapoangukia kiganja. Baada ya ajali, maji ya uvimbe hujaa katika nafasi zote hizo. Maji hayo yana protini nyingi, na yakituama hugeuka kuwa nyuzi zinazozishika kano kwenye kuta za njia zao na kuyakaza maungio. Kinachoyasukuma yaondoke ni misuli kukaza na kulegea mara kwa mara, pamoja na mkono kuwekwa juu. Kwa hiyo kukunja vidole kidogo kila saa kunafaa kuliko kuvivuta kwa nguvu mara moja kwa siku, kwa kuwa nguvu huchana nyuzi, mchano huleta uvimbe mpya, na uvimbe mpya huleta nyuzi nyingine.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi dawa ya kwanza ya mkono uliokakamaa ni kuuchua na kuukanda kwa maji ya moto, huku ndugu mwenye nguvu akivinyoosha vidole kimoja kimoja hadi mgonjwa atokwe na machozi. Shangazi yangu alifika na chupa ya mafuta na nia njema kabisa, nasi tukamwomba kwa heshima, "Shangazi, tusubiri kwanza, mkono huu tumeambiwa ausogeze mwenyewe." Mafuta yake hatukuyakataa, kazi yake ilikuja baadaye. Lakini katika majuma ya mwanzo, anayepaswa kuvisogeza vidole ni mwenye vidole.

Plasta ingali mkononi

Kazi inaanza siku ileile ya kufungwa, si siku ya kufunguliwa. Pete na bangili zivuliwe mara moja, kabla uvimbe haujapanda. Plasta ya kifundo iliyofungwa vizuri huishia kwenye mkunjo wa kiganja ulio chini ya vidole, ili mafundo ya vidole yajikunje bila kizuizi na gumba liweze kuvifikia vidole vingine. Ukiona imepanda na kuyafunika mafundo, uliza kabla hujaondoka hospitalini.

Kwa siku za mwanzo kiganja kiwe juu kuliko kiwiko, na kiwiko kiwe juu kuliko moyo, mchana juu ya mito na usiku vilevile. Kanga au kitambaa cha kuuning'iniza mkono kinafaa unapotembea, lakini kuuacha humo kutwa nzima hukakamaza bega, na kwa watu wazima bega lililokakamaa linaweza kusumbua kwa muda mrefu kuliko mfupa wenyewe. Kila saa unapokuwa macho, utoe mkono, unyooshe vidole vyote kadiri plasta inavyoruhusu na kuhesabu hadi 5, kisha uvikunje na kuhesabu hadi 5, mara 10. Gusisha ncha ya gumba na ncha ya kila kidole. Kunja na kunyoosha kiwiko. Mara 3 au 4 kwa siku inua mkono mzima juu ya kichwa. Hayo yote hayachukui dakika 5, na laiti tungeyajua, naamini mama angeokoa miezi miwili.

Kuna hali moja ambayo haingoji asubuhi. Maumivu yakizidi saa hadi saa badala ya kupungua, dawa ikashindwa kuyatuliza, vidole vikawa baridi, vyeupe au vya buluu, vikaingia ganzi, au ikawa mtu akikunyoosha kidole polepole unapatwa na maumivu makali kigashani, rudi hospitali saa hiyohiyo. Huenda plasta inabana, au shinikizo limepanda ndani ya misuli, na kuchelewa kunaweza kuuharibu mkono moja kwa moja.

Siku plasta inapokatwa

Wengi hushtuka. Ngozi imekauka na inabanduka magamba, kigasha kimekonda, pengine nywele zimeongezeka, na mkono unahisi kama si wako. Yote hayo ni ya kawaida na hupita. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini bila kusugua magamba, kausha, kisha paka mafuta ya nazi au mafuta mengine yasiyokuwasha.

Kabla ya kila duru ya mazoezi, loweka mkono katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, ukivikunja na kuvikunjua vidole humohumo majini. Joto hulainisha, na vidole hufika mbali zaidi kuliko vikiwa baridi. Maji yapimwe kwa mkono mzima, kamwe si kwa ule ulioumia, kwa sababu ngozi iliyokaa chini ya plasta inaweza kuwa na ganzi na isitambue kwamba inaungua. Mwenye kisukari awe mwangalifu maradufu. Na kama mkono ukitoka majini umevimba zaidi, punguza muda na uuinue juu mara tu umalizapo.

Mazoezi ya vidole

Kaa mezani, kiwiko kikiwa juu ya meza na kiganja kikitazama mbele, kama mtu anayesimamisha daladala. Huo mkono ulionyooka ndio mwanzo, na ndipo utakaporudi baada ya kila umbo kati ya manne yanayofuata.

Umbo la kwanza ni la ndoano: kunja maungio mawili ya mbele ya kila kidole huku mafundo makubwa, yale yanayounganisha kidole na kiganja, yakibaki yamenyooka, kama vidole vinavyoning'inia kwenye mpini wa ndoo. Nyoosha. La pili ni ngumi kamili, ncha za vidole zikielekea katikati ya kiganja na gumba likilala nje. Nyoosha. La tatu ni la paa: kunja mafundo makubwa peke yake na kuacha vidole vimenyooka. Nyoosha. La nne ni ngumi bapa, ambapo mafundo makubwa na maungio ya kati hukunjwa lakini ncha hubaki zimenyooka, zikigusa sehemu ya chini ya kiganja. Shikilia kila umbo kwa kuhesabu hadi 5, bila kubana pumzi, na urudie mzunguko mzima mara 5 hadi 10.

Maumbo haya hayakubuniwa ili kumchosha mtu. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukikunja, moja inayoishia kwenye mfupa wa kati na nyingine inayofika hadi mfupa wa ncha, nazo hupita katika ala moja. Zikigandana, kidole hukunjika kama kipande kimoja cha mti. Ndoano huzifanya zipishane kwa umbali mkubwa, ngumi kamili huivuta zaidi ile ndefu, na ngumi bapa huivuta zaidi ile fupi. Anayefanya ngumi kamili peke yake, kama tulivyofanya sisi wiki ya kwanza kwa kudhani mengine ni mapambo, huiacha nusu ya kazi.

Kidole kimoja kikibaki nyuma, na kwa mama kilikuwa cha pete, kipe muda wake peke yake. Shika mfupa wake wa kati kwa mkono mzima ili usisogee, kisha kunja ncha tu, mara 10. Halafu shika mfupa wa chini, ulio karibu na kiganja, na ukunje ungio la kati. Mkono mzima unazuia tu, hauvuti. Baada ya hapo laza kiganja mezani, tawanya vidole kama meno ya kitana na uvikusanye tena, na mwisho inua kimoja kimoja kutoka mezani.

Gumba lina njia yake ya kupimwa ambayo ni zoezi pia. Daktari wa Kifaransa Adalbert Kapandji aliieleza mwaka 1986 kama ngazi ya alama 0 hadi 10: gumba linapogusa ncha ya kidole cha shahada mgonjwa amefika 3, ncha ya kidole cha kati ni 4, ya kidole cha pete ni 5, na ya kidole cha mwisho ni 6. Kutoka hapo gumba hushuka kwenye kidole cha mwisho, mkunjo kwa mkunjo, 7, 8 na 9, hadi mkunjo wa kiganja chini yake, ambao ni 10. Ilikuwa faraja kubwa kwa mama kuwa na namba ya kutaja. Vidole vingine tulivipima kwa kuangalia umbali uliobaki kati ya ncha na kiganja wakati wa kukunja ngumi, kwa rula ya shule, kila Ijumaa. Usipime kila siku, kwa sababu mkono hupanda na kushuka, na asubuhi huwa mgumu kuliko jioni.

Mazoezi ya kifundo

Laza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini na kining'inie nje ya ukingo. Inua kifundo taratibu huku ngumi imefungwa kwa ulegevu, kisha kiache kishuke huku vidole vimelegea. Ngumi hiyo legevu ina sababu: vidole vikinyooka, misuli ya kunyoosha vidole hujitwika kazi ya kuinua kifundo, na misuli yenyewe ya kifundo hubaki imelala. Kisha laza kiganja mezani na ukipeleke upande wa gumba na upande wa kidole cha mwisho, kama kioo cha gari kinavyofutwa mvua.

Kugeuza kiganja juu na chini ndiko kunakochelewa kurudi kwa walio wengi, hasa kukigeuza juu, yaani kule kunakohitajika mtu anapopokea chenji au anapoinua viganja kuomba dua. Bana kitambaa kati ya kiwiko na ubavu, kiwiko kikunjwe sawasawa, ushike mwiko wa kupikia ukiwa wima, kisha uulaze kulia na kushoto polepole. Kitambaa kikianguka, ujue ni bega linalogeuka badala ya kigasha. Mwiko ukishikwa chini, kichwa chake huongeza uzito kidogo na kuupeleka mkono mbele. Ukiwa mzito mno, shika karibu na kichwa.

Kiasi na maumivu

Duru 4 hadi 6 kwa siku zinatosha, kila moja ya dakika 10 hivi. Kuhisi mvuto ni sawa. Kama kati ya 0 na 10 maumivu yamepita 4, umekwenda mbali mno. Na kama baada ya mazoezi maumivu yanaendelea zaidi ya saa moja, au kesho yake vidole vimevimba kuliko jana, kata idadi kwa nusu kwa siku mbili badala ya kuacha kabisa. Aliyemeza dawa ya maumivu ili aweze kufanya mazoezi hakukosea, mradi asiitumie kuficha alama ya kusimama.

Kama ulifanyiwa upasuaji, kovu lisuguliwe baada tu ya nyuzi kutolewa na kidonda kufunga kabisa. Ndipo Shangazi alipopata kazi yake, maana jirani yetu aliyepasuliwa mkono mwezi uleule alimwendea: mafuta kidogo, kidole kimoja, mizunguko midogo juu ya kovu kwa dakika 3 hivi, mara kadhaa kwa siku, ili ngozi isishikamane na kano zilizo chini yake.

Fuatilia mambo mawili ambayo huweza kujificha. La kwanza ni mkono unaouma kupita kiasi cha jeraha, unaobadilika rangi na joto, kutoka jasho ovyo, na ambao hata kitambaa kikiupitia huumiza. Hali hiyo hutibika vizuri zaidi ikiwahiwa, na mazoezi ya kulazimisha huizidisha. La pili ni gumba. Laza kiganja mezani na uinue gumba peke yake kwenda juu. Kano inayofanya kazi hiyo hupita kwenye mgongo wa mfupa uliovunjika, na mara chache husagika na kukatika majuma kadhaa baada ya ajali, hata pale mfupa ulipovunjika bila kuhama. Gumba lililokuwa likiinuka juzi na leo halitaki, hata kama haliumi, ni la kupelekwa kwa daktari, maana hapo mazoezi hayasaidii.

Kurudi kwenye kazi

Nguvu huja mwisho, na kwa kawaida si kabla daktari hajaridhika kwamba mfupa umeunga. Kazi nyepesi, kwa upande mwingine, zirudi mapema: kufunga vifungo, kushika kijiko, kuhesabu tasbihi, kukunja nguo, kuchambua mchele. Kwa mama, ugali ulikuwa mwalimu bora kuliko mpira wowote. Kumega, kuviringisha tonge kwa vidole vinne, kisha kulibonyeza kwa gumba ili lichote mchuzi, ni mfululizo wa maumbo yaleyale ya mezani, na alikuwa akiyafanya mara mbili kwa siku bila kukumbushwa. Baada ya hapo tulianza kukamua sifongo majini, kisha kitambaa chepesi, kisha kukanda unga wa chapati, uliolowa kwanza na mgumu baadaye. Kukuna nazi kulisubiri hadi mwezi wa tano, kwa sababu kwenye mbuzi mkono hushika kwa nguvu, hugeuka na kusukuma kwa wakati mmoja.

Kuegemea kiganja kufanywe kwa hatua na kwa ruhusa ya mtaalamu. Anza kwa kusimama na kusukuma ukuta, siku nyingine ukingo wa meza, kisha kiti, na sakafu iwe ya mwisho. Anayeswali asijilazimishe kuuwekea mkono uzito katika sujudu kabla ya wakati, kwani mgonjwa huswali kwa kadiri anavyoweza. Viganja viwili vilivyokutanishwa kifuani na kushushwa polepole hadi kifundo kihisi mvuto ni maandalizi mazuri ya hatua hii.

Dereva wa bodaboda ajipime pikipiki ikiwa imesimama na injini imezimwa. Abane breki kwa nguvu zote mara 10 mfululizo, azungushe mpini wa mafuta hadi mwisho na kuuachia, kisha aegemeze uzito wa mwili kwenye usukani kama anayefunga breki mteremkoni. Ikiwa mkono unachelewa, unatetemeka au unamfanya aukwepe bila kukusudia, arudi mezani kwa wiki 2 nyingine na ajipime tena, na abiria wasubiri hadi afaulu.